Kunde za Léocadie na Wageni wa Dirishani

Majira ya baridi yaliyopita, wanawake wazima wenye akili zao walisali kila Jumatano kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, hapa Rosettenville, Johannesburg, bila hita, meno yakigongana, ili wadudu wasiamke. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mimi nikianza kusimulia sipendi kukatizwa. Hata mimi nilicheka. Nilicheka, kisha nikagomba, kisha nikaingia ndani ya blanketi pamoja nao. Leo namshukuru Mungu kwa vile vidudu kuliko ninavyomshukuru kwa mambo mengi makubwa.

Mimi naitwa Beatha, ila mtaani wote wananiita Mama Jabari. Kwetu Morogoro. Mume wangu Thabo, Mungu amrehemu, alikuja kwetu akiwa kijana mkimbizi wa siasa, akala vitumbua vyangu kila asubuhi mpaka akaona heri anioe kuliko kuendelea kununua. Nchi yake ilipofunguka tukahamia huku. Watu husema tulirudi, lakini yeye ndiye aliyerudi, mimi nilikuja. Watoto wamekua na kutawanyika. Jabari mwenyewe yuko Durban, nikimpigia simu nikamsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Thabo alipofariki nilibaki na nyumba yenye vyumba vya kutosha na mdomo usio na mtu wa kumsema. Ndipo akaja Léocadie.

Léocadie ni fundi cherehani, mwanamke mrefu, mwembamba, wa Uvira kule Kongo. Anazungumza na pini mdomoni bila kumeza hata moja, na anashukuru kila kitu. Narudia, kila kitu. Ukimpa chumvi, aksanti. Ukimwambia sketi aliyoshona imepinda, aksanti. Siku moja tunavuka barabara kwenda madukani, robot ikawaka kijani, nikamsikia anaiambia, "Aksanti."

"We Léocadie, unamshukuru nani? Taa?"

"Ingeweza kukawia, Mama Jabari."

Nikamwambia huo ni ugonjwa. Akasema aksanti.

Nilimpa chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha kubwa la mbao, la zamani, linalopigwa na jua la mchana, na fundi anahitaji mwanga. Akaweka cherehani yake chini ya dirisha. Nyuma ya nyumba nina ua wenye udongo mzuri, nikamwambia alime kama anataka. Hapo ndipo nilipozijua kunde zake.

Siku alipoondoka kwao wakati wa vurugu, mama yake alimfungia kunde kavu kwenye kitambaa, za kuchemsha kila atakapopata moto njiani. Akamwambia, "Hizi ni za njia. Zitakazobaki, siku utakapofika, zipike ule pamoja na watu waliokupokea. Mtu hajafika mpaka amekula na waliompokea." Léocadie alipita Zambia, akapita Zimbabwe, akazipika huku na huku, na alipofika Johannesburg akafungua kitambaa akakuta kimebaki kiganja kimoja. Akaona haya. Utamkaribisha nani kwa kiganja cha kunde? Basi akaamua kuzipanda, zizae mpaka zijae chungu, ndipo apike na kuita watu. Kabla hazijazaa, simu ikaja kutoka Uvira kwamba mama amefariki. Hakuweza kwenda kuzika.

Mimi, kwa ulimi wangu huu, nilimwambia, "Shoga, kunde zimejaa madukani. Twende Marshalltown tununue mfuko, tupike, tule, tumalize." Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Sikurudia tena.

Shida ilikuwa vidukari. Kama hujawahi kulima kunde huenda huwajui. Ni vidudu vidogo vyeusi vinavyoganda kwenye vichwa vya mche mchanga na kwenye maua, vinafyonza utomvu mpaka jani linajikunja kama ngumi. Kila mwaka Léocadie alipanda, kila mwaka vidukari vilikula, naye akabaki na mbegu za kupanda tena tu, chungu hakijai. Mwaka juzi kaka mmoja wa kanisani kwao, kwa nia njema kabisa, akaleta dawa ya kupulizia. Wakapuliza mpaka tukakohoa sote. Siku chache vidukari havikuonekana, nasi tukashangilia. Kisha vikarudi, na vilirudi vimeongezeka, safari hii bila wa kuvisumbua.

Jirani yetu Nomsa, mwenye mawaridi upande wa pili wa ukuta, akachungulia akatikisa kichwa. Nomsa ni mama wa Kizulu, mstaafu, tumezeeka pamoja na ukuta huo katikati. Akaniambia, "Hawu, Mama kaJabari! Si mmewaua na wale wekundu waliokuwa wanawala? Mmeua mbwa mkamwachia mwizi nyumba."

Wekundu gani? Akatuonyesha mmoja kwenye waridi lake. Kidudu cha mviringo, mgongo umebenuka kama nusu ya punje ya njegere, chekundu chenye madoa meusi. Nilikuwa nawaona tangu utoto na sikujua kazi yao. Wasomi huwaita wadudu kibibi. Léocadie kwa Kifaransa cha shule anawaita koksinele. Nomsa akasema mmoja anakula vidukari kutwa nzima, na watoto wake wanakula kuliko yeye.

Mwaka ule Léocadie hakuvuna karibu chochote. Zilibaki kunde za kufunika tu kitako cha kopo lake la vifungo. Na kunde si mawe, mwenzangu. Ukiziweka mwaka baada ya mwaka hazioti. Ilibidi zipandwe masika ya huku ya mwaka jana, joto linaporudi, na kama zingeliwa tena, basi. Aliliweka lile kopo juu ya cherehani, na kila akipita analigusa.

Kabla ya masika kuna baridi. Baridi ya Johannesburg haina mvua. Ni kavu, inapasua midomo, asubuhi nyasi zimegeuka nyeupe kwa jalidi, mchana jua linawaka lakini halikusaidii kitu. Mwishoni mwa mwezi wa tano, mchana mmoja wenye jua, Léocadie akanipigia kelele niende chumbani kwake. Nikadhani amejidunga sindano.

"Angalia, Mama Jabari! Wamekuja wenyewe!"

Walikuwa wanatambaa juu ya dirisha, ndani na nje, wale wekundu. Wengine walikuwa wa rangi ya machungwa, wengine weusi wenye madoa mekundu, kila mmoja na vazi lake, na wote wakielekea kwenye ufa mmoja kati ya fremu na ukuta, pale ambapo Thabo aliniahidi miaka yote kwamba ataziba. Nasema ahsante kwa uvivu wa marehemu. Waliingia wakabanana humo, mgongo kwa mgongo, wakashonana kabisa, wengine wakatokeza nje ya ufa kwenye kona ya fremu. Léocadie alipiga magoti, akacheka, akalia, akawashukuru mmoja mmoja mpaka nikaondoka nikapike.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Mtu wa hapa asingelifanya. Lilitaka watu kama sisi, waliozaliwa kusikokuwa na baridi ya kuua.

Jalidi ilipoanza, Léocadie akaenda kuwatazama wageni wake, akakuta hawasogei. Akamgusa mmoja kwa ncha ya mkasi, kimya. Akampulizia pumzi, kidudu kikanyoosha mguu mmoja polepole, kama kinachokata roho. Akaja jikoni mbio.

"Wako nakufa na baridi! Maskini, wamekimbilia kwetu na sisi tunawaacha wafe dirishani!"

Kwetu mtu akija anatetemeka unamsogeza motoni. Nani atauliza? Nami nikasema, haraka, walete moto. Ikatokea kwamba wiki ileile Mama Brigitte, mke wa mchungaji wao, alikuwa amemletea hita ya gesi, kwa sababu kikundi chao cha wanawake husali chumbani kwake, ndicho pekee kinachowatosha, kila Jumatano mchana, na chumba kilikuwa baridi. Léocadie akaisogeza hita chini ya dirisha, akaiwasha asubuhi, akashona kutwa nzima ikiwaka.

Wakaamka! Wakatoka kwenye ufa, wakatembea kwenye kioo, wakaruka, wakazunguka taa. Jumatano ile Mama Brigitte aliingia, akaona, akanyoosha mikono juu. "Walikuwa wamekufa na sasa wanaishi!" Wakaimba wimbo mzima wa ufufuo kwa ajili yao. Mmoja akamwangukia Mama Brigitte begani, kwenye blauzi nyeupe pe, naye akamfuta kwa kiganja. Kidudu kikatoa kimaji cha njano chenye harufu ya kitu kilichooza, na doa lile halikutoka hata kwa jiki. Hilo nilipaswa kulichukua kama onyo.

Baada ya siku chache wakaanza kuanguka. Unafagia asubuhi, mchana unawakuta tena, chali, miguu imekunjwa. Kwenye cherehani, kwenye kikombe cha chai, ndani ya mikunjo ya nguo ya harusi ya mteja. Léocadie akaongeza moto. Akaweka sukari. Wakazidi kufa. Akakaa kitini, lile kopo la vifungo mapajani, hasemi aksanti kwa mtu yeyote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikatoka nikamwita Nomsa ukutani. Akaja na ndara zake na gauni lake la baridi, akaingia, akaona hita inavyonguruma, akashika kichwa.

"Eish! Nani aliwaambia wanaumwa?"

"Walikuwa wanakufa," nikasema.

"Walikuwa wamelala."

Akakaa, akatueleza, nami nikamtafsiria Léocadie. Wale wadudu, alisema, hula sana mwishoni mwa joto mpaka wananenepa. Kisha wanatafuta mahali penye ufa, pakavu, pasipo upepo, wanaitana kwa harufu na kubanana pamoja. Humo hawali, hawatembei, karibu hawapumui. Yale mafuta waliyobeba mwilini ndiyo akiba yao ya baridi nzima, na baridi yenyewe ndiyo inayowasaidia wayatumie kidogo kidogo. Ukiwapasha moto, mwili unadhani masika yamefika. Wanaamka, wanaruka, wanayachoma mafuta yote, na nje hakuna kidukari wala umande. Wanakufa kwa njaa na kiu katikati ya joto.

Nilipofika hapo katika kutafsiri, Léocadie akanikatiza. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi nimewaua, nikidhani ninawahurumia."

"Ni sisi," nikamwambia kwa ukali. "Moto tulisema wote. Usijibebeshe peke yako kama gunia la mkaa. Zima hiyo hita."

Akazima. Kisha akachukua kile kiburashi laini cha kusafishia uchafu wa nyuzi kwenye cherehani, na kwa mkono ule unaoweza kutia uzi kwenye sindano bila kutazama, akawakusanya waliokuwa hai bado, mmoja mmoja, akawarudisha kwenye ufa. Nomsa akasema tusiwahamishe, tuache chumba kipoe, na tuweke kitambaa chenye unyevu kidogo karibu, maana ukavu wa Joburg nao unaua. Wengi tulikuwa tumeshawafagia. Hatukujua waliobaki watatosha au la.

Ikabaki Jumatano. Mama Brigitte akaingia na wanawake wake, akavua koti, akalivaa tena.

"Hita iko wapi?"

Léocadie akaeleza, macho chini. Kukawa na minong'ono. Mama Brigitte ni mwanamke mwenye moyo mkubwa, hita aliitoa bure, ndiyo maana ilimuuma. "Yaani tugande sisi, watoto wa Mungu, kwa ajili ya wadudu?" Akaonyesha blauzi yake, ile ya doa. "Wadudu hawa?"

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Sikupaswa kusema, si kanisa langu, mimi Mkatoliki. Lakini mdomo huu ulinitangulia. "Mama Brigitte, kama Mungu wenu anasikia penye hita tu, basi siye niliyefundishwa mimi. Huyu mwanamke anadaiwa chungu cha kunde na mama yake aliye kaburini. Mbegu zake za mwisho ni hizo zilizo kwenye kopo hilo. Wanaoweza kuzilinda ni hao dirishani. Anayesikia baridi anywe chai!"

Nikajua nimeharibu. Mmoja wao akakohoa. Mama Brigitte akasogea dirishani polepole, akainama, akawatazama wale waliobaki, wamebanana kwenye kona yao. Akawatazama muda mrefu mpaka chai ikaanza kupoa mikononi mwangu.

"Masista kule Bukavu," akasema, "walituambia tusiwaponde. Walikuwa wakiwaita vinyama vya Mungu mwema. Nimesahau miaka yote hii." Akageuka kwa wenzake. "Wiki ijayo kila mtu aje na blanketi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mkatoliki wa chai, utakaa nasi. Usituache tugande peke yetu."

Nikakaa. Ningefanyaje?

Basi hivyo ndivyo tulivyovuka baridi. Jumatano tunakuja na mablanketi mazito, yale ya maua makubwa, tunaketi sakafuni tumebanana bega kwa bega, wawili wawili katika blanketi moja. Mwanzoni wote walitaka kukaa katikati, wakawa wanasukumana kama watoto, mpaka Mama Brigitte akaweka zamu. Sala zikawa fupi, na nadhani Mungu alishukuru. Wimbo ukianza, mvuke unatoka midomoni kama sufuria zimefunuliwa. Mwanamke ambaye mwaka mzima nilimsalimia kwa kichwa tu nikajua kwamba mguu wake wa kushoto unamuuma tangu safari ya kutoka Kalemie, kwa sababu ulikuwa juu ya mguu wangu.

Léocadie alishona amevaa soksi mikononi, amezikata vidole. Chumba kile kilikuwa friji, mtu hawezi kulala humo. Nikamwambia ahamie chumbani kwangu. "Upande wa Thabo uko wazi," nikasema, nikijifanya nakunja nguo ili asione uso wangu. Tangu azikwe sikuwa nimemruhusu mtu hata kuweka kanga upande ule. Léocadie anakoroma, siwezi kuficha. Anakoroma na pia anashukuru usingizini. Lakini nilikuwa nimesahau jinsi kitanda kinavyopata joto kikilaliwa na wawili. Nikamwambia hivyo asubuhi moja, waziwazi. Akasema aksanti, na mara ile sikumgombeza.

Mwezi wa nane ukaja na upepo wake wa vumbi. Kila siku Léocadie anakwenda dirishani, anatazama, hagusi. Haiwezekani kujua nani amelala na nani amekufa, kwa kuwa wote wanafanana. "Na kama ni maganda tu?" akaniuliza. Nikalowesha tena kile kitambaa, nikakirudisha karibu na ufa.

Kisha ikaja siku moja ya joto la kweli, ile siku ambayo mtu anavua sweta mchana na kulisahau. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia cherehani imenyamaza. Nikaenda. Léocadie alikuwa amesimama mikono kifuani. Kwenye kona ya fremu mmoja alikuwa amejitenga na kundi, anatembea. Akasimama, akafungua mgongo wake, akatoa mbawa nyembamba zilizokunjamana, akazikunja tena, kama mtu anayejaribu koti la zamani kama bado linamtosha. Nyuma yake mwingine akasogea. Na mwingine.

"Fungua dirisha," nikamnong'oneza.

Lilikuwa limekwama kwa baridi, tukalisukuma sote wawili. Jua likaingia. Walitoka siku ile na siku zilizofuata, wachache wachache. Wengine hawakutoka, tukawazika kwenye chungu cha maua, usiniulize kwa nini. Waliotoka hawakwenda mbali. Kwenye ua tulikuwa na sukuma wiki iliyovuka baridi, na kwenye sukuma kulikuwa na vidukari vya kijivu, nao wakaketi mezani. Siku chache baadaye chini ya majani tukaona mayai ya njano yamesimama pamoja, madogo kama mbegu za nyanya. Nomsa akachungulia ukutani, akaona, akapiga vigelegele vya Kizulu mpaka mbwa wa mtaa wakabweka.

Mvua ya kwanza ilipolowesha udongo, Léocadie akafungua lile kopo. Alipanda peke yake, mimi nikikaa kwenye ndoo nikimtazama. Nilitaka kusema neno la mzaha, nikaona midomo yake inasema kitu kwa kila shimo, nikaacha. Kopo akaliacha tupu, bila kubakiza hata moja. Si zote zilizoota. Zilizoota zilisimama vizuri.

Na vidukari vikaja, bila shaka. Asubuhi moja vichwa vya miche vimekuwa vyeusi. Karibu navyo nikaona vingine vibaya zaidi, vidudu virefu vyenye miiba, vyeusi na michirizi ya machungwa, sura kama mamba mdogo, vinapanda shina. Nikavua ndara. "Sasa haya mashetani yametoka wapi!" Nilishainua mkono.

"Mama kaJabari!" Nomsa alipiga yowe kutoka ukutani mpaka ndara ikanianguka. "Hao ndio watoto wao!"

Ala! Nani angejua? Mama mzuri vile, mtoto na sura ile. Tukakaa kuwatazama. Walikula kama watu waliotoka kwenye mfungo. Baada ya siku si nyingi vichwa vya kunde vilikuwa safi, kijani, na maua yakafunguka, meupe yenye zambarau kwa ndani. Léocadie alikuwa anapita kati ya mistari akigusa jani hili na lile, anasema aksanti chini chini, nami nikajikuta nasema naye. Ugonjwa ule unaambukiza.

Mwezi wa pili maganda yakakauka, yakavunwa, yakapigwa ndani ya gunia. Alipozimwaga kwenye ungo sikuamini. Kwanza akajaza lile kopo la vifungo mpaka juu. Akanipa mimi kiganja, akampa Nomsa kiganja, za kupanda. Zilizobaki akazitia kwenye chungu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo, na chungu kikajaa.

Tukagombana kidogo. Mimi nikasema nazi, yeye akasema mawese. Mawese yakashinda, kwa sababu kunde ni za mama yake. Jumapili baada ya misa yangu na ibada yao, ua ukajaa watu. Mama Brigitte alikuja na ile blauzi yenye doa, makusudi. Wanawake wote wa mablanketi wakaja. Nomsa akapita mlangoni safari hii badala ya ukutani, amebeba mawaridi na sufuria ya papu, ugali wa huku.

Léocadie akapakua kila sahani mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia. Alipomaliza akajipakulia yake, akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono. Tukasubiri hotuba. Akaonja kijiko kimoja. Akatafuna polepole, machozi yakamshuka, wala hakuyafuta.

"Mama," akasema, "nimefika."

Wanawake wa Kongo wakaitikia kwa sauti moja, wengine wakalia waziwazi. Nomsa akanivuta mkono, akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria, anasema amefika.

Nomsa akashangaa. "Kwani miaka yote hii alikuwa wapi?"

"Alikuwa njiani," nikamwambia. Nikachukua upawa, nikamwongezea Nomsa kunde, kisha nikajiongezea na mimi.